Mfuateni Mtu, Msifuate Paa: Kukadiria Hewa Chafu Anayokutana Nayo Mkazi wa Tabora kwa Siku

(Hotuba iliyotolewa Tabora mjini mbele ya maofisa afya wa kata, wenyeviti wa mitaa, walimu wa sayansi na wanafunzi wa vyuo. Tunaiweka nzima kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mwangaluka!

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, ndugu zangu maofisa afya, walimu, wanafunzi, na wazee wetu mliotoka Ng'ambo, Isevya, Kanyenye na Ipuli, asanteni kwa kuitika. Mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele havilipiwi.

Nianze na swali. Mgeni akishuka stesheni leo akakuuliza, "Hewa ya Tabora ni safi au chafu?" utamjibu nini? Aliyekulia chini ya miembe ya mjini atasema safi kabisa, sisi hatuna viwanda vya kutisha. Anayeuza kando ya barabara ya vumbi mwezi wa nane atasema hapa tunakula udongo. Mpishi wa shughuli atajibu kwa kukohoa. Wote watatu wamesema kweli, na hakuna aliyejibu, kwa sababu hewa haivutwi na mji. Inavutwa na mtu, na mtu hakai mahali pamoja. Kwa hiyo swali la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: mtu huyu alikuwa wapi, kwa muda gani, na hewa ya pale ilikuwaje?

Tuelewane kwanza tunapima nini. Hewa chafu ya mjini ina mengi ndani yake: kaboni monoksidi ya mkaa, naitrojeni dioksidi ya injini, na chembechembe. Leo nitashika zaidi chembechembe ziitwazo PM2.5, zenye upana wa maikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele wa binadamu una maikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo hizi huwezi kuziona moja moja. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi zinaingia mpaka kwenye damu. Tunazipima kwa maikrogramu katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi 5 na wastani wa saa 24 usizidi 15. Mwongozo wa 2005 ulisema 10 na 25. Shikeni hiyo 15, tutaihitaji.

Vumbi jekundu la kiangazi mnaloliona kwa macho ni chembe kubwa kuliko hizi kwa sehemu kubwa. Lina madhara yake, ila lina matatizo yake pia katika kupimwa, na nitafika huko.

Sasa, jambo la kwanza. Kipima hewa kilichofungwa juu ya paa la ofisi kinapima hewa ya paa. Paa halipiki, halifagii, halipandi bodaboda.

Mwaka 1990, katika mji wa Riverside, California, Marekani, watafiti waliwavisha wakazi 178 pampu ndogo zenye machujio. Wakaweka pampu nyingine ndani ya nyumba za watu haohao, na nyingine nje. Walikuwa wanapima PM10, chembe za hadi maikromita 10. Mchana, wastani wa nje ulikuwa 94. Wastani wa ndani ulikuwa 95. Haya, wewe ndiye mtafiti: mtu anayeshinda kati ya 94 na 95 atakuwa amekutana na ngapi? Nawasikia mnasema 94 na nusu. Pampu walizovaa watu zilisema 150.

Ya ziada ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtu mwenyewe. Mtu anafagia, anakung'uta shuka, anakaanga, anatembea na kutimua vumbi lililokuwa limelala. Chanzo kiko hatua moja kutoka puani kwake, wakati chombo cha ukutani kiko hatua tano. Watafiti wakaliita jambo hilo wingu binafsi. Sasa mfikirieni mama wa Isevya anayefagia uwanja wa udongo saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaumwagia maji. Wingu lile kipima hewa cha paani kitalijua?

Msinielewe vibaya, kituo cha mji kina kazi yake. Kinaonyesha kupanda na kushuka kwa msimu. Kati ya Juni na Septemba, miombo ikiungua Uyui na Sikonge, moshi ule unamfikia kila mtu, mwenye gesi na mwenye kuni. Usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi, ardhi inapoa haraka. Hewa baridi inalala chini, hewa ya uvuguvugu inakaa juu yake, na moshi wa majiko ya jioni unanaswa hapo katikati ya nyumba zetu mpaka jua la saa tatu asubuhi liipashe ardhi. Kituo kimoja kilichofungwa vizuri kitayaona hayo yote. Kisichokiona ni tofauti kati ya mtu na mtu. Na sisi tunaitafuta tofauti hiyo.

Jambo la pili ni muda, na hapa nitakaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Laikipia nchini Kenya, Majid Ezzati na wenzake walifuatilia familia zinazopikia kuni na mkaa. Hawakutosheka na wastani wa jikoni wa siku nzima. Walirekodi moshi unavyopanda na kushuka, na pembeni wakaandika nani yuko wapi: nani kainama juu ya moto, nani kakaa mlangoni, nani katoka nje. Walipojumlisha, wakakuta vipindi vifupi vya moshi mkali, pale kuni zinapoongezwa, moto unapopulizwa, sufuria inapokorogwa, vilibeba kati ya asilimia 31 na 61 ya uchafu wote waliokutana nao wapishi. Kwa wasiopika wa nyumba hizohizo vilibeba asilimia 0 hadi 11. Nyumba moja, jiko moja, moshi mmoja, na bado baba na mama hawakuvuta hewa moja. Ukichukua wastani wa jikoni ukampa kila mtu sawa, umempunja mama na kumwongezea baba.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Mnalijua daftari la mkopo la dukani kwa Mangi: sukari kilo mbili, bei yake, mafuta robo lita, bei yake, mwisho wa mwezi anajumlisha. Hapa bidhaa ni mahali, idadi ni saa ulizokaa pale, na bei ni uchafu wa hewa ya pale. Zidisha kila mstari, jumlisha mistari yote, gawanya kwa 24. Hilo ndilo jibu la mtu huyo kwa siku hiyo.

Tufanye pamoja. Hizi ni namba za darasani, zimechaguliwa ili zihesabike kwa urahisi. Asitoke mtu hapa akazinukuu kuwa ni vipimo vya Tabora. Tuna mama lishe. Analala saa 8, chumbani hewa ni 30: 240. Anapika kwa kuni nyumbani, jiko halina dohani, saa 3, hewa 500: 1,500. Kibandani anapopakulia na kupasha kwa mkaa, saa 5, hewa 90: 450. Njiani saa 1, hewa 80: 80. Uani na sebuleni saa 7, hewa 40: 280. Saa zimetimia? Hesabuni: 8, 11, 16, 17, 24. Zimetimia. Saa zisipotimia 24, rudi kwa mtu, usizijazie ofisini. Jumla ni 2,550. Gawanya kwa 24, unapata 106.

Dereva wa bodaboda: saa 8 kulala kwa 30, saa 11 barabarani kwa 80, saa 5 nyumbani kwa 40. Jumla 1,320, wastani 55. Karani: saa 8 kulala kwa 30, saa 8 ofisini kwa 25, saa 2 njiani kwa 80, saa 6 nyumbani kwa 40. Jumla 840, wastani 35.

Watu watatu, mtaa mmoja, na juu yao kituo kimoja kinachosoma, tuseme, 40. Karani 35, bodaboda 55, mama lishe 106. Hakuna aliye chini ya 15, lakini mmoja wao amebeba mara tatu ya mwenzake, na kituo hakimjui.

Rudini kwenye daftari la mama lishe. Jikoni amekaa saa 3 tu, moja ya nane ya siku. Jikoni pamechukua 1,500 kati ya 2,550, karibu asilimia 59. Mkiweka lami barabara yake, hewa ya njiani ikashuka kutoka 80 hadi 40, wastani wake unatoka 106 unakuwa 105. Mkimpatia jiko na mahali pa kupikia panapogeuza 500 kuwa 150, wastani unashuka hadi 62 na nusu. Je, nimesema lami haina maana? Hapana. Mpelekeeni lami ileile dereva wa bodaboda, 55 yake inashuka hadi 37. Kila mtu na mstari wake mzito, na bila daftari utatibu mstari usiouma. Na hiyo 62 na nusu ya mama bado ni zaidi ya mara nne ya 15, kwa hiyo asije mtu akafungua shampeni.

Niseme jambo ambalo wauza majiko hawapendi kulisikia. Katika milima ya San Marcos, Guatemala, Kirk Smith na wenzake waligawa majiko yenye dohani kwa bahati nasibu, ili familia zilizopata zilinganishwe na zilizongoja. Kirk Smith ndiye aliyekwenda vijijini Gujarat, India, mapema miaka ya 1980 kuwavisha wapishi pampu, wakati wengine walikuwa bado wanatazama mabomba ya viwanda. Guatemala, hewa ya jikoni ilisafishika sana, karibu asilimia 90. Lakini watoto wachanga walibandikiwa kwenye nguo kibomba kidogo kinachosoma kaboni monoksidi kwa saa 48, na kwao upungufu ulikuwa nusu tu. Kwa nini? Kwa sababu mtoto haishi jikoni peke yake. Moshi uliotolewa na dohani unabaki uani, wa jirani unaingia, na mgongoni mwa mama mtoto anakwenda kila mahali. Tanzania sasa ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania. Tutakapohesabu mafanikio yake Tabora, tutahesabu majiko yaliyogawiwa, au tutampima mtoto?

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe, na nianze na kitu kinachoharibu vipimo vingi kuliko kifaa kibovu. Ni saa.

Mama anakuambia aliwasha moto saa kumi na moja alfajiri. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika 11:00. Kompyuta inasoma hiyo kuwa ni saa tano asubuhi. Kipima hewa nacho mara nyingi kinatunza saa za dunia, ziitwazo UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Moto ni mmoja, lakini kwenye shajara, yaani daftari la mtu alikuwa wapi na saa ngapi, umeandikwa 11:00, kwa saa za hapa ni 05:00, kwenye kifaa ni 02:00. Usiporekebisha, kilele cha moshi kitaangukia usiku wa manane mama akiwa kitandani, na saa ya kupika itaonekana ina hewa safi. Jedwali litatoka, mchoro utatoka, na vyote vitakuwa uongo.

Dawa yake ni rahisi. Andika saa kama mtu alivyoisema, pamoja na neno lake: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kugeuza kufanywe baadaye na mtu mmoja, kwa kanuni moja. Na siku ya kufunga kifaa, washa kijiti cha kiberiti, kizime, moshi wake upite karibu na tundu la kuingizia hewa, uandike saa ya simu hapohapo. Kwenye data lazima kilele kionekane dakika ileile. Kisipoonekana, usiondoke pale.

Shajara iwe na mistari ya nusu saa. Ijazwe jioni ya siku hiyohiyo, wala si baada ya wiki. Wasiosoma waulizwe kwa mdomo au kwa simu. Lisemwalo lipo, lakini likisemwa bila saa halihesabiki, kwa hiyo tumia nguzo za siku ambazo kila mtu anazo: moto uliwaka kabla ya adhana ya alfajiri au baada? Ulitoka sokoni kabla ya kengele ya shule? Ulikoka mkaa kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku?

Tena, uliza yale ambayo mtu hawezi kuyataja kwa sababu kwake ni ya kawaida. Dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha chumbani. Udi na ubani. Koroboi umeme ukikatika. Taka za uani zinazochomwa jioni. Sigara ya mwenzake. Jiko la jirani linalovuta moshi kuelekea dirishani kwake. Na wakati wa tumbaku, uliza kama kuna anayekwenda Urambo, Kaliua au Sikonge kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, maana moto ule hauachwi, unachochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Ukimuuliza mtu huyo juu ya "siku ya kawaida" atakusimulia siku ya mjini, na usiku wa banini utapotea.

Vifaa. Kuna vya aina mbili, na ningependa mviheshimu vyote bila kuviamini sana.

Cha kwanza ni pampu na chujio. Pampu ya kuvaa inavuta, kwa mfano, lita 1.5 za hewa kwa dakika, kupitia kichwa kinachotupa chembe kubwa pembeni na kupitisha PM2.5 hadi kwenye chujio. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo ni lita 2,160, yaani mita za ujazo 2.16. Mama lishe wetu wa 106 ataliongezea chujio maikrogramu 229, chini ya robo ya miligramu. Mzani wa maabara ya shule hauioni kabisa. Unahitaji mzani unaosoma maikrogramu moja, ndani ya chumba chenye nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, na chujio lilale humo saa 24 kabla ya kupimwa, mara ya kwanza na mara ya mwisho. Lishike kwa kibano. Kidole chenye jasho kimeshamwongezea mtu uchafu ambao hakuuvuta. Katika kila machujio 10, moja liende nyumbani kwa mtu na kurudi bila kuwashiwa pampu. Likirudi limeongezeka uzito, ongezeko hilo ni la safari na mikono yenu, si la hewa, na lazima liondolewe kwa mengine yote. Mwendo wa pampu upimwe kabla na baada. Ukitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, kipimo hicho kitupwe, hata kama roho inauma.

Na mtu? Mtu anachoka. Fulana yenye pampu ni nzito na inanguruma, kwa hiyo mama anaitundika kwenye msumari sebuleni, anaingia jikoni. Chujio limefanya kazi saa 24, ila limepima msumari. Baadhi ya vifaa vina kihisi cha mtikisiko kinachoonyesha kama kilivaliwa. Tazama hapo kwanza kabla ya kutazama namba za moshi. Usimgombeze mtu. Mwambie tangu mwanzo: ukioga kiweke karibu na bafu, ukilala kiweke upande wa kichwa, jikoni usikiache.

Aina ya pili ni vipima hewa vya bei nafuu: feni ndogo, mwanga wa leza, na jicho linalosoma mwanga uliotawanywa na chembe. Hakipimi uzito, kinaukisia. Ndiyo maana kina udhaifu wake. Unyevu ukipanda, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa huona moshi pasipo na moshi. Asubuhi za masika za Tabora zitawadanganya hivyo. Chembe kubwa nazo havizioni vizuri, kwa hiyo lile vumbi jekundu nililowaahidi kulirudia, linaloonekana kwa macho na kukaa kwenye meno, mengi yake hayamo kwenye namba zake. Tena buibui anapenda tundu la feni. Weka wavu laini, safisha kila ulipopita.

Wapo wanaochukua fomula ya marekebisho ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, kwa vifaa vya PurpleAir, aina mojawapo ya vipima hewa hivi vya bei nafuu: zidisha usomaji kwa 0.524, toa unyevu uliozidishwa kwa 0.0862, ongeza 5.75. Fomula nzuri, kwa hewa ya kwao. Moshi wetu wa mkaa na miombo na vumbi letu havikuulizwa ilipotengenezwa. Fanyeni yenu: viwekeni vipima hewa vyote pamoja na chombo cha rejea, au pamoja na pampu yenye chujio, wiki mbili kabla ya kazi na wiki mbili baada, kiangazi na masika. Kama jirani wa kujifunza kwake mnamtaka, tazameni kazi ya AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, iliyoanza 2015. Wanatengeneza vifaa vyao wakizingatia joto, vumbi na umeme wa kwetu, na wamevifunga hata kwenye bodaboda.

Jikoni, kanuni iliyozoeleka ni mita 1 kutoka kwenye moto, mita 1.5 juu ya sakafu, mita 1.5 kutoka mlangoni na dirishani. Mimi nina ugomvi nayo. Moshi wa moto hupanda na kujilaza chini ya paa, na mpishi wa mafiga amekaa kwenye kigoda. Pua yake haiko mita 1.5. Funga kifaa cha kanuni ili ulinganishe na wengine, na funga cha pili penye pua.

Setilaiti nitaipitia haraka, kwa sababu vijana wengi wa hapa wanaipenda na data yake ni ya bure. Inasaidia kuona mioto ya nyika na moshi wa mkoa mzima. Lakini Suomi NPP, kwa mfano, hupita mchana, kama saa saba na nusu. Majiko ya alfajiri yamezimwa, ya jioni hayajawashwa. Masika mawingu yanaifunga macho. Na ramani nyingi za dunia zina miraba ya kilomita 11 hivi kila upande, mraba mmoja unaoweza kuumeza mji wetu karibu wote. Ndani ya mraba huo karani na mama lishe ni mtu mmoja.

Kuna kipengele kimoja ambacho daftari la Mangi halina: pumzi. Mtu mzima aliyekaa anavuta kama lita 5 kwa dakika. Kwa kazi nyepesi ni kama 12, kazi ya wastani 26, kazi nzito 50. Abiria wa bajaji na kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa wako barabara moja, hewa ya 80. Kwa saa moja abiria anaingiza mita za ujazo 0.3, ambazo ni maikrogramu 24. Kijana, kwa lita 26, anaingiza mita za ujazo 1.56, maikrogramu 125 hivi. Hewa ni ileile, mzigo wa mapafu ni mara tano. Kwa hiyo shajara iwe na safu ya tatu baada ya mahali na saa: alikuwa anafanya nini?

Tumpime nani, na mara ngapi? Tuseme mna uwezo wa siku 60 za kupima. Mkitaka kujua wastani wa kundi, kwa mfano mama lishe wote wa kata, pimeni watu 60 mara moja kila mmoja. Mkitaka kujua kiasi cha kila mtu, ili mkilinganishe na kikohozi chake, pimeni watu 20 mara tatu, msimu tofauti, na siku mojawapo iwe ya mapumziko. Siku moja ya mtu haimwelezi mtu. Huenda siku hiyo ilinyesha, au alikwenda msibani akapikia watu mia mbili. Msichague wenye simu janja peke yao. Na mkiripoti, toeni na namba ya katikati pamoja na wastani, kwa sababu majiko matatu mabaya yanaweza kuuvuta wastani wa kata nzima.

Mwisho kabisa, namba ni ya aliyevaa pampu. Apewe yeye kwanza, kwa lugha yake, kabla ya kupelekwa ofisini, na njia alizopita zilizorekodiwa na simu zisionekane na mwenyekiti wala jirani. Waheshimiwa wenyeviti mtanisamehe.

Fomu za shajara ziko mezani kulia. Kila mmoja achukue mbili: moja yake, nyingine ya mtu anayepika nyumbani kwake. Zijazwe Jumatano na Jumapili, kwa kalamu ya wino, saa iandikwe kama ilivyosemwa. Ukikosea piga mstari mmoja, usifute. Maofisa afya watazikusanya Jumatatu kwenye ofisi za kata, na atakayeleta siku yenye saa 22 atarudishiwa. Sasa maswali. Tuanze na akina mama walioko nyuma, halafu wenyeviti.